Empakaai mpaka Natron kwa miguu, na ubishi wa evolusheni uliotufuata njia nzima

Kwato za Punda:
Wakuu salama? Kila baada ya muda humu unafufuka uzi wa "binadamu katoka kwa nyani", watu wanatukanana kurasa kumi, mods wanafunga, unafunguliwa mwingine. Mimi naleta wa kwangu ila nimeutembelea kwa miguu. Nimetoka juzi juzi kreta ya Empakaai, kushuka Naiyobi hadi Ngare Sero pale Ziwa Natron, tukamalizia na mlima Lengai, na msafarani tulikuwa na mlokole mmoja wa Arusha asiyekubali hata robo ya evolusheni pamoja na mwalimu wa baiolojia ambaye ukimgusa hapo hanyamazi, sasa vuta picha mwenyewe, usiku baridi, moto unawaka, netiweki hamna, hao wawili wanabishana na sisi wengine hatuna pa kukimbilia maana nje ya kambi kuna nyati.

Kwa wasioijua njia, mnaingilia geti la Loduare mkitokea Karatu, mnazunguka ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Watu wengi wanashuka kreta, picha na simba, wanarudi Karatu kula. Sisi tulipitiliza kwanza Oldupai, maana mwalimu alisema hawezi kubishana bila vielelezo.

Pale kwenye makumbusho mnakaa juu mnaliangalia bonde lote. Chini kabisa jiwe jeusi la volkano, juu yake matabaka ya kijivu, halafu linakuja tabaka jekundu hilo hata kipofu analiona, na juu tena mengine. Mto umekata hayo yote kwenda chini kama mita 90. Mtoa maelezo akaonyesha upande ambao Mary Leakey aliliona lile fuvu la kale la Zinjanthropus, la miaka milioni 1.75, tarehe 17 Julai 1959, siku hiyo mumewe Louis yuko kambini anaumwa. Tulilisoma wote History Form One, ila ukisimama pale inakuwa habari nyingine.

Mlokole akauliza swali lake la kwanza: "Miaka milioni 1.75 mliijuaje, kuna mtu alikuwepo?" Na hapo ndo safari ilipoanza rasmi. Naendelea, ngoja nichaji simu.

bintiKaratu:
Siti ya mbele kabisa, nimeleta na bisi. Tupe picha mkuu

Jiwe Gumu:
Wazungu wametudanganya na mmedanganyika. Kama mtu katoka kwa nyani mbona nyani wa Manyara wapo pale pale wanaiba ndizi za watalii hawajageuka watu mpaka leo? Jibuni hilo tu mimi nihamie kwenu

Chaki Nyeupe:
Mimi ndo huyo mwalimu anayesemwa hanyamazi, nimeitwa nimekuja.

Jiwe Gumu, hakuna mwanabaiolojia anayesema wewe umetoka kwa nyani wa Manyara. Wewe na sokwe ni mabinamu, mna babu mmoja wa zamani sana ambaye hakuwa sokwe wala mtu. Binamu yako akibaki kijijini wewe ukahamia Dar, kubaki kwake hakuthibitishi kwamba hamna babu mmoja. Na huyo sokwe naye hakukaa bila kubadilika, kabadilika kwa njia yake.

Ukitaka ushahidi ambao hauhitaji fuvu hata moja, sokwe ana jozi 24 za kromosomu, sisi 23. Kama babu ni mmoja, jozi moja imeenda wapi? Wakaangalia kromosomu yetu namba 2 wakakuta ni mbili zilizoungana kichwa kwa kichwa, ile DNA ambayo kawaida inakaa kwenye ncha za kromosomu imo katikati pale zilipogusana, na kuna mabaki ya sentromia ya pili, ile sehemu ya katikati inayobana kromosomu. Sasa nieleze hicho kitu kinafanya nini hapo.

Mlokole wa Kijenge:
Na mimi ndo mlokole mwenyewe, bora nijitetee kabla sijatengenezewa maneno. Sikusema dunia ina miaka elfu sita wala nini. Nilisema wanasayansi wanapima mawe kwa kupima kitu wanachokidhania. Na tusisahau wamewahi kudanganya, yule mtu wa Piltdown kule Uingereza alioneshwa dunia nzima toka 1912 kumbe ni fuvu la mtu limeunganishwa na taya la orangutangi meno yakachongwa kwa tupa. Miaka 40 maprofesa wanalisujudia! Leo naambiwa niamini lingine.

Chaki Nyeupe:
Mtumishi malizia hadithi. Nani aliyeligundua kwamba ni feki mwaka 1953? Wanasayansi haohao, kwa vipimo vya kemia.

Kwato za Punda:
Tuendelee. Jibu la mtoa maelezo kuhusu miaka lilinifungua mimi kuliko yeye mlokole, nitalirudia kwa lugha yangu. Watu wengi wanadhani wanapima kwa kaboni 14. Kaboni inaisha haraka, nusu yake inaondoka kila miaka 5,730 hivi, ukifika miaka elfu 50 hamna cha kupima tena. Pale Oldupai wanapima majivu ya volkano. Kuna aina ya potasiamu ambayo polepole sana inageuka gesi ya agoni, mawe yakiwa bado yameyeyuka kwa moto gesi inatoroka yote, yakishaganda agoni yoyote inayozaliwa inabaki imenaswa ndani. Unapima agoni, unapima potasiamu iliyobaki, unapata ni lini volkano ililipuka. Mifupa iliyo katikati ya majivu mawili ina umri wa katikati ya hayo mawili. Louis Leakey mwenyewe alikadiria Zinj ana miaka laki sita hivi, mwaka 1961 vipimo vya wale jamaa wa chuo cha Berkeley, Marekani, vikaja na milioni 1.75, karibu mara tatu ya alichokisema, kwa hiyo hiyo hoja ya kwamba wanapima wanachokitaka sijui inasimamia wapi.

Basi toka hapo tukarudi nyanda za juu, Nainokanoka, ndipo tulipokutana na punda, mwongozaji wetu kijana wa Kimaasai, na askari wa hifadhi mwenye bunduki maana bila huyo hamruhusiwi kutembea. Punda wanabeba mahema, maji, unga, wewe unabaki na kabegi kadogo na koti la mvua. Usidharau baridi ya kule, ukingo wa Empakaai unapita mita elfu tatu, asubuhi nyasi zina barafu nyembamba. Kreta yenyewe chini ina ziwa refu kwenda chini na flamingo wanaonekana toka juu kama unga wa waridi umemwagika pembezoni. Kushuka ni msitu, miti ina ndevu za kuvu, kinyesi cha nyati bado cha moto na askari anakwambia nyamaza.

Asubuhi hewa ikiwa safi ukitazama kaskazini mashariki unamwona Lengai amesimama peke yake, na mbali kule nyuma Kilimanjaro.

Mkamba wa Athi:
Wasee wa TZ mnanoga. Mimi ni wa huku Kenya, acheni niongeze kidogo mbio nisivuruge uzi. Hapo Natron upande wa magharibi, Peninj, mwaka 1964 ndipo Kamoya Kimeu alipookota taya zima la Paranthropus, jamaa wa kina Zinj. Mkamba wetu, hakusoma sana, jicho lake likashinda la madaktari wote. Ndiye pia 1984 aliona kipande kidogo cha fuvu Nariokotome magharibi mwa Turkana kikatoka mifupa karibu yote ya yule kijana wa miaka milioni moja na nusu na ushee. Na ubishi huu hauko kwenu tu, mwaka 2006 hapa Nairobi kulikuwa na maaskofu wakiongozwa na Boniface Adoyo waliotaka makumbusho isimweke huyo kijana pale mbele kama babu yetu. Aliwekwa, na ukienda leo yuko.

Jiwe Gumu:
Sawa lakini swali langu la msingi liko palepale. Hii nadharia ndiyo ilitumika kutuita sisi nyani. Mzungu hawezi kunifundisha babu yangu ni nani

Kwato za Punda:
Jiwe Gumu hapo umegusa kitu ambacho hata mimi kilikuwa kinanikaa rohoni, na sikubezi. Ni kweli ilitumika vibaya sana. Ila angalia historia ilivyokwenda. Darwin mwaka 1871 aliandika kwamba inaelekea mababu wa binadamu waliishi Afrika. Wenzake wengi wa Ulaya hawakulipenda hilo, walitaka babu atokee Ulaya au Asia, ndo maana Piltdown ilipokelewa kwa mikono miwili, babu Mwingereza mwenye ubongo mkubwa! Raymond Dart alipotangaza fuvu la mtoto wa Taung kutoka Afrika Kusini mwaka 1925 wakalibeza kwa miaka mingi, sababu mojawapo wana la kwao la Piltdown kabatini. Yaani ubaguzi ulikuwa unaupinga ushahidi. Ushahidi ndio uliowapeleka Oldupai na Laetoli, na ndio unaosema wazungu wote ni Waafrika waliohama. Sasa wewe unaukataa wa nini?

Ustadh wa Mwambao:
Assalaam alaykum wakuu. Mjadala mzuri hamjatukanana bado, nitashukuru. Kwetu wapo wanazuoni wanaoona viumbe wengine kubadilika hakuna tatizo, ni uumbaji wa Allah kwa hatua, ila Adam aleyhi salaam wanamtoa kwenye hiyo orodha kwa sababu ya nassi, yaani maandiko. Wapo wanaokataa yote. Na wapo wachache wanaokubali yote. Kwa hiyo msifanye dini zote ni kapu moja.

Msukuma wa Busega:
Wakatoliki nasi tuongezwe, Papa Pius wa 12 mwaka 1950 aliruhusu wataalamu waujadili mwili wa binadamu ulitokeaje, ila roho akasema inaumbwa na Mungu moja kwa moja. Yohane Paulo wa Pili 1996 akasema ni zaidi ya dhana tu. Padri wetu alifundisha baiolojia seminari na hakuungua.

Halafu mnahangaika na mafuvu wakati kitu kiko kwenye damu zetu huku Kanda ya Ziwa. Selimundu. Mtoto akirithi jeni hilo pande zote mbili anateseka, tumezika watoto. Akirithi upande mmoja tu, malaria kali inamshinda nguvu. Ndo maana jeni baya halikuisha, na limejazana hasa kule malaria ilikojazana. Yule daktari Anthony Allison, mwenyewe kakulia Kenya, aliliandika hili 1954 baada ya kupima watu wa Afrika Mashariki. Sasa hiyo ndo evolusheni, wala haitaki uende Ngorongoro

Mlokole wa Kijenge:
Hiyo ya selimundu siikatai, nilimwambia mwalimu hata kule porini. Mabadiliko madogo ndani ya aina moja yapo. Mtu kabaki mtu. Klorokwini ilishindwa na malaria tukahamia SP 2001 halafu ALu, naelewa kimelea kilizoea dawa, lakini kimelea kabaki kimelea hakugeuka mbu.

Kwato za Punda:
Na hiyo ndo ikawa nyimbo yake mpaka chini, "kabaki yuleyule". Sasa nisikilizeni kilichotokea Naiyobi.

Tulifika boma moja jioni, mama mwenye boma akatukaribisha maziwa. Kibuyu kile kinasafishwa kwa kijinga cha mti maalumu, maziwa yana harufu ya moshi, matamu. Mwongozaji wetu kaweka kibuyu mdomoni kashusha nusu yake. Mimi mtu wa Pwani, kikombe kimoja tu, saa moja baadaye tumbo linaunguruma, usiku mzima natoka hemani na tochi askari ananifuata na bunduki asije nyati akanikuta nimechuchumaa. Mwalimu anacheka hana mbavu. Kesho yake kwenye mteremko akaeleza. Mamalia wote wakiachishwa kunyonya mwili unazima kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, hiyo ndo kawaida hata kwa watu. Wafugaji wengi haukuzimika. Wazungu wana mabadiliko yao kwenye DNA, na wafugaji wa Tanzania na Kenya wana ya kwao tofauti kabisa, yalichapishwa 2007 na timu ya Sarah Tishkoff, yametokea ndani ya miaka elfu tatu mpaka saba hivi iliyopita, wakati ng'ombe wanasambaa huku kwetu. Njia mbili tofauti, matokeo yaleyale.

Tukamtafsiria mwongozaji. Akasikiliza, akasema wazee wanafundisha kwamba Enkai ndiye aliyewashushia Wamaasai ng'ombe kutoka mbinguni, kwa hiyo akiwapa ng'ombe akawanyima tumbo la kunywea maziwa ingekuwa zawadi gani hiyo. Mlokole na mwalimu wote kimya. Mimi nikaona bora tutembee.

Kutoka Naiyobi mnashuka ukuta wa Bonde la Ufa, joto linapanda kila hatua, miti ya mikwaju na migunga halafu majani makavu tu na vumbi la majivu. Magoti yanalia. Shuka na fimbo mbili, sio moja.

bintiKaratu:
Lengai je? Mimi niliishia nusu nikatapika nikarudishwa

Kwato za Punda:
Lengai sio mlima wa mzaha, mnaanza usiku wa manane ili jua lisiwakute ukutani maana kivuli hamna hata cha mkono. Mita 2,900 na zaidi, siyo mrefu kama Meru, ila umesimama wima na unapanda juu ya majivu, hatua mbili mbele moja nyuma, mwishoni unatumia mikono. Ukikaribia juu inakuja harufu ya kiberiti inakukaba. Asubuhi unalala kifudifudi ukingoni unachungulia shimo. Ni volkano pekee duniani tunayoijua inayotoa lava ya namna ile, kabonati za sodiamu na potasiamu, joto lake kama nyuzi 500 hadi 600 wakati lava za kawaida zinapita 1,000, inatoka nyeusi majimaji kama oili chafu ikishapoa na kupata unyevu inageuka nyeupe. Ndo maana ule weupe juu watu wakiwa mbali wanadhani ni theluji. 2007 na 2008 ulilipuka kweli, majivu yakaua malisho.

Kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Mwongozaji alishuka na yeboyebo za tairi, sisi na viatu vya bei mbaya tunakaa makalio.

Chini pale Ngare Sero, kusini mwa ziwa, kuna nyayo za watu kwenye majivu yaliyogeuka jiwe, zaidi ya 400. Hizi ni za watu kama sisi, za miaka kati ya elfu 5 na kitu na elfu 19, sio zile za Laetoli za miaka milioni 3.66. Lakini mlokole alivua kiatu akalinganisha mguu wake pembeni ya mmoja (hairuhusiwi kukanyaga, msijaribu), vidole vyote vipo, kisigino kimezama, mwingine inaonekana alikuwa anakimbia. Utadhani kapita mtu kwenye sementi mbichi jana. Alikaa pale muda mrefu kuliko sisi wote.

Jiwe Gumu:
Na hizo za Laetoli mmeziona au mmesimuliwa?

Chaki Nyeupe:
Za Laetoli zile za mwaka 1978 zimefukiwa makusudi, mizizi ya miti ilikuwa inazipasua, miaka ya 90 wakazifunika upya kitaalamu. Unaona nakala makumbusho Oldupai. Mwaka 2015 timu ya Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wanachimba kuangalia eneo la kujenga makumbusho wakakuta nyayo nyingine, mmoja wao mkubwa kuliko wote. Kubwa kwangu ni hili, aliyetembea pale alitembea wima kama wewe huku Australopithecus, jamii ya kale ya wakati ule, ubongo wake haufiki hata nusu ya wako. Piltdown ilidai ubongo ulitangulia. Miguu ndiyo iliyotangulia.

Na kuhusu "kabaki yuleyule" mtumishi, tulipofika kwenye chemchemi za Natron nilikuonyesha wale perege wadogo ukasema wazuri. Maji yanachoma ngozi kwa magadi, mengine yana joto la kuogea, samaki wa ziwani kwingine ukimtia anakufa papo hapo. Wale wanaishi. Wa Magadi upande wa Kenya wanatoa taka ya mwili kwa njia ya urea kama sisi badala ya amonia kama samaki wengine, maana kwenye maji yale amonia haitoki. Zamani Natron na Magadi lilikuwa ziwa moja kubwa lenye maji ya afadhali, likakauka yapata miaka elfu 10 iliyopita, wakabaki kwenye vichemchemi, na sasa Natron peke yake ina spishi tatu, mmoja mdomo umegeukia juu, mwingine umegeukia chini, mwingine uko katikati. Sijasema kageuka kuku. Ila ukinipa miaka elfu kumi nakupa midomo mitatu na mabadiliko ya mkojo, sasa wewe niambie ukuta uko wapi, ni miaka mingapi ambayo mabadiliko yanafika yanagonga yanaambiwa mwisho hapa.

Mlokole wa Kijenge:
Ukuta sikuonyeshi kwa sababu na wewe hujanionyesha kuku. Nakubali samaki wale walinitikisa, nimesema kule na nasema hapa. Lakini mwalimu unaruka. Kutoka mdomo kugeuka mpaka mimi kuomba, kuimba, kujua nitakufa, hapo hakuna chemchemi ya kunionyesha.

Chaki Nyeupe:
Hapo haturuki tu, hapo hata sisi bado tunachimba. Kuomba siwezi kukupimia kwa agoni.

Msukuma wa Busega:
😂😂 ngumu kumeza. Kwato za Punda turudi kwenye safari, mwezi gani mzuri na punda mnakodi wapi? Na huyo askari mnalipia au anakuja na kibali?

Kwato za Punda:
Juni mpaka Oktoba ndo pakavu, Aprili na Mei msithubutu, kule Naiyobi udongo unakuwa sabuni na Lengai utelezi wake ni wa kuua. Punda na mwongozaji unaongea nao Nainokanoka ila pitia kwa watu wa hifadhi kwanza, kibali na askari vyote vinatoka kwao, huwezi kwenda kienyeji. Gari lazima likusubiri Ngare Sero, barabara ya kurudi ni ile ya Engaruka kwenda Mto wa Mbu, vumbi tupu, mageti ya ushuru njiani yako mengi kwa hiyo tembea na risiti zako zote maana kuna geti moja walitaka tulipe mara ya pili, tuliponyooshea karatasi wakafungua bila neno. Maji bebeni mengi kuliko mnavyodhani. Na maziwa ya bomani, mtu wa Pwani pitisha kikombe kwa jirani.

Mlokole wa Kijenge:
Mimi nilikunywa vikombe vitatu na sikuumwa. Bibi yangu Mwarusha

Chaki Nyeupe:
Asante kwa kielelezo